Saiprasi Yangu, Mpilipili wa Ayeyo

Mwezi wa pili mwaka huu nilitumwa Garissa kwa semina ya siku tatu. Mlangoni pa hoteli tuliyolala nilikuta saiprasi mbili zimepandwa kwenye vyungu vya saruji, moja kila upande, zimekauka kutoka chini mpaka nusu. Mlinzi alikuwa akizimwagia maji kwa mpira, saa saba mchana, juu ya majani, jua likiwaka la kukaanga yai. Nilijaribu kupita nikashindwa.

"Kaka, hii miti utaiua. Maji ni jioni, na ni chini kwenye shina, si juu. Na hapo palipokauka usipakate. Hapatachipuka tena."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Madam, wewe ni mtu wa kilimo?"

"La."

"Sasa haya umeyajua aje?"

Niliingia ndani bila kumjibu, kwa sababu jibu lake ni refu na halinipi sifa hata kidogo. Lakini wewe nitakueleza. Wewe huna haraka, na pengine nawe una ndugu.

Tuliishi Galbet, kwenye nyumba za walimu, mimi nikiwa na miaka tisa na mdogo wangu wa kike mitano. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Nyandarua, aliyeletwa na barua ya uhamisho na kuapa kwamba angekaa mwaka mmoja tu. Tulikaa kumi na mmoja. Mama alikuwa muuguzi wa zamu. Nyanya zetu wawili walikuwa huko kwenye baridi, mbali siku nzima ya basi, na tuliwaona Desemba tu, tena si kila Desemba. Kwa hiyo tulikua bila nyanya, na mtoto asiye na nyanya, mwenzangu, hutafuta wa kuazima.

Wetu tulimpata ng'ambo ya ua wa mabati. Wasomali humwita bibi ayeyo, nasi tukamwita hivyo hivyo kama wajukuu zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye hina kwenye vidole na sauti ya kuita ngamia aliyepotea. Alikulia Kutulo kwenye mifugo, akaolewa, akafiwa, akahamia mjini na binti yake. Kiswahili chake alikiokota sokoni. Pilipili kwake ilikuwa bilibili, na vizuri ilikuwa fizuri, na kila kitu kilikuwa "hii", kiwe mbuzi, mlango au mwalimu mkuu. Mimi nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa mwalimu wangu wa Kiswahili.

Sasa kuna desturi moja lazima uijue, maana ndiyo iliyoniharibu. Msomali mkubwa humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa. Ukimwita mama yako hooyo, naye anakuita hooyo: "Hooyo, njoo ule." Ukimwita bibi ayeyo, naye akikuona wake anakujibu, "Haa, ayeyo." Kwa masikio ya mtu wa bara ni kichekesho, bibi kizee kumwita mtoto wa kamasi bibi. Kwa masikio yangu lilikuwa jambo tamu kuliko yote niliyowahi kusikia.

Mdogo wangu aliitwa ayeyo. Mimi niliitwa gabar, yaani msichana. Basi. Gabar ni neno la kumwita mtu yeyote anayepita njiani na mtungi.

Utaniuliza, alimfanyia nini bibi huyo, huyo mdogo wako? Alikuwa na vidole vidogo, hilo tu. Ayeyo alikuwa na mpilipili manga. Ndiyo, mpilipili manga, Garissa! Mmea wa mvua na ukungu, unaopandwa pwani kwenye minazi, yeye aliuotesha pale ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli. Kipande cha mche alipewa na mwanamke mmoja wa Lamu, kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akakipanda chini ya mwarobaini mkubwa uliokuwa uani kwake. Mpilipili hausimami wenyewe, ni mtambaazi. Unataka mti wa kuukumbatia, unataka kivuli, unataka udongo wenye unyevunyevu kila siku lakini maji yasituame. Na kila kijiti kinachorefuka lazima ukifunge taratibu kwenye gome la mti, la sivyo kinaning'inia na kukatika. Mgongo wa ayeyo ulikuwa umechoka. Siku moja alisimama kwenye ua akaita, "Huko mwalimu, kuna mtoto ya mikono ndogo?"

Tulikimbia wote wawili. Alitwaa mikono yetu, akaipima kwenye viganja vyake. Ya mdogo wangu aliibusu. Yangu aliigeuza juu chini, akasema, "Hii mikono ya kuchota maji. Masha Allah, mikono fizuri." Akamwingiza mdogo wangu ndani, mimi nikabaki nimesimama na mikono yangu mizuri.

Hapo ndipo wivu uliponiingia. Nilikuwa nimewahi kuona kijicho kabla ya hapo, cha penseli ya mwenzangu darasani, cha viatu vya sikukuu. Huu ulikuwa mwingine. Huu ulilala nami na kuamka nami.

Na ni kweli nilikuwa mchota maji, kwa sababu mimi nilikuwa na mti wangu. Baba aliporudi kutoka kwao likizo moja alibeba mche wa saiprasi kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ameukumbatia mapajani safari nzima. Aliupanda mbele ya nyumba, nyumba ya serikali, ardhi isiyo yake, akatangaza kwamba hizo ni mbao zake za kustaafu. Mama alicheka mpaka akaketi. "Baba watoto, utang'oa mti uende nao kwa basi?" Lakini baba hakuwa akitania. Kwao kila mwanamume hupanda saiprasi: za kuzuia upepo, za ua, za nguzo, za paa, na matawi ya Krismasi. Alikuwa amekaa jangwani bila harufu ya kwao mpaka akaona bora ailete kwa mkebe. Mti ule akanikabidhi mimi. "Wewe ni mkubwa," aliniambia. "Huu ni wako."

Masharti yake nilikaririshwa kama jedwali la saba. Maji lita nne kila jioni, kwenye shina, yasiyo na sabuni. Nyasi kavu kuzunguka mguu ili jua lisinyonye. Na la mwisho alilisema akiwa ameinua kidole cha chaki: "Kichwa chake usikiguse. Ukikata kichwa cha saiprasi umeharibu umbo lake daima. Na ukikata tawi mpaka kwenye sehemu ya kahawia, isiyo na majani, hapo pamekufa, hapachipuki. Huu mti hausamehe."

Basi kila jioni nilimngoja mzee wa mkokoteni wa punda, nikajaza mtungi, nikauburuta. Makorongo yalisimama juu ya paa la jirani yakinitazama kama wakaguzi wa shule. Na huku nikimwaga maji yangu lita nne, ng'ambo ya mabati nilisikia maji yakimiminika yenyewe kwa wenzangu. Maana mpilipili wa ayeyo ulinyweshwa na sala. Maji ya udhu, alisema, hayamwagwi ovyo pachafu. Alikuwa ameweka jiwe bapa karibu na mwarobaini, na kila mtu wa nyumba ile, na kila mgeni, alitawadhia pale, mara tano kwa siku, birika mkononi. Maji yalitoka miguuni mwa watu yakafuata mfereji mdogo mpaka kwenye mizizi. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kuuzibua mfereji ule kwa kijiti. Kijiti! Mimi na mtungi, yeye na kijiti.

Kwenye mabati kulikuwa na tundu la msumari, na pale ndipo nilipopitisha alasiri zangu. Niliona kila kitu. Niliona vishada vya pilipili vikining'inia, vya kijani, kama shanga. Niliona ayeyo akimfundisha mdogo wangu kungoja mpaka punje moja kwenye kishada iwe nyekundu, moja tu, ndipo kishada kizima kichumwe. Walizianika kwenye sinia juu ya kibanda cha mbuzi, na kwa jua letu hazikuchukua siku nyingi kukunjamana na kuwa nyeusi. Kisha kinu kidogo kilitoka, na iliki, na mdalasini, na mdogo wangu akapewa mchi. Harufu ile, mwenzangu! Ilipita juu ya mabati ikanifuata hadi jikoni kwetu, nilikokuwa nikichambua maharagwe ya githeri. Chai ya maziwa ya ngamia yenye pilipili manga, moto, tamu, inakukwaruza koo kidogo halafu inakuacha umechangamka. Gilasi ya kwanza ilikuwa ya ayeyo mkubwa. Ya pili ilikuwa ya ayeyo mdogo. Alipokohoa alilambishwa asali iliyopondewa pilipili. Nyama ya mbuzi ikichemshwa, alitumwa yeye kuleta punje. Kila siku ya Mungu mmea ule ulikuwa na kazi mezani.

Na mti wangu? Ulikuwa na kazi gani? Ulisimama. Mama alichoma majani yake makavu kufukuza mbu. Desemba tulikata vitawi vinne tukavifunga mlangoni kwa uzi. Mengine yote yalikuwa ya siku za usoni: mbao, paa, milango ya nyumba ambayo haikuwepo. "Huu ni mti wa subira," baba alikuwa akisema. Subira ni jambo zuri kwa mwenye miaka arobaini. Mtoto wa miaka tisa anataka kitu cha kutia kwenye chai leo.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Kila siku nilimpelekea ayeyo mtungi wa maji nikaambiwa ahsante, gabar. Nilijifunza salamu zote za Kisomali, na kuuliza kuhusu mvua na mifugo, nikaambiwa fizuri sana, gabar. Nilifunga hata Ramadhani siku tatu, mimi ambaye baba yangu alikuwa pia shemasi kanisani, nikazirai kwenye foleni ya shule. Ayeyo alikuja kuniona, akanipa tende, akampakata mdogo wangu.

Siku nilipoharibika kabisa ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri, wakati ule ambao Garissa nzima hulala na hata mbuzi hulegea. Nilichukua mkasi wa mama wa kushonea. Nilipita kwenye pengo la ua. Nilitembea juu ya jiwe la udhu, likaniunguza nyayo. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimetulia sana, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikikumbuka. Nilikuwa najua jinsi ya kuua mmea, baba alikuwa amenifundisha: kata kichwa. Mpilipili ulikuwa na vichwa vitano, laini, vyekundu kidogo kwenye ncha, kila kimoja kimefungwa kwa uzi na vidole vya mdogo wangu. Nilivikata vyote. Nikavitia mfukoni, nikavizika chini ya saiprasi.

Jioni ile niliisikia sauti ya mdogo wangu ikilia, na Mungu anisamehe, nililala vizuri.

Hasidi hana sababu, wanasema, lakini mimi nilikuwa nayo, na nilingoja mmea ufe. Wiki ya kwanza ulikaa tu. Wiki ya pili ikanyesha, ile mvua yetu ya ghafla inayogeuza barabara kuwa mto. Wiki ya tatu niliweka jicho kwenye tundu la msumari nikaona ayeyo amesimama mbele ya mwarobaini, mikono kiunoni. Palipokuwa na kichwa kimoja palikuwa na viwili. Mahali pengine vitatu. Mmea mzima ulikuwa umepasuka kwa machipukizi, kijani kitupu, umenenepa.

Kumbe ndivyo ulivyo! Mpilipili ukiukata ncha unatanuka, unatoa matawi ya ubavuni, na matawi ya ubavuni ndiyo yanayozaa. Wakulima wake hufanya hivyo makusudi. Saiprasi ukiukata umekwisha, mpilipili ukiukata umeubariki. Nani angeniambia?

"Wallahi, nani amekata hii?" Ayeyo alipiga makofi. "Ni ayeyo yangu! Ana mkono, huyu! Njoo, ayeyo, njoo!" Akamwinua mdogo wangu juu, akamzungusha, akamwita binti yake aje aone, na mama wa nyumba ya tatu aje aone.

Nilimwona mdogo wangu akifungua mdomo kusema si yeye. Kisha akaufunga. Alikuwa na miaka mitano, ameinuliwa juu, watu wanampigia makofi. Wewe ungesema?

Mimi ndiye niliyekata. Sifa ile ilikuwa yangu kwa haki kabisa, na sikuweza kuidai. Roho iliniuma. Mwaka ule mpilipili ulizaa kuliko wakati wowote, na ayeyo aligawa punje kwa majirani kwenye vikaratasi, na kila aliyepokea aliambiwa habari za mtoto mwenye mkono wa baraka. Mama alipokea kikaratasi chake akajawa fahari. Mdogo wangu alianza kutembea kifua mbele.

Ndipo nikafanya ujinga ambao sijawahi kumweleza mtu akaacha kucheka. Nilisema moyoni, na mimi nina mti. Kama kukata ndiko kunakoleta baraka, basi nitakata. Baba alikuwa ameniambia wazi kwamba haufai kukatwa, lakini niliamua kwamba baba hajui, kwamba mambo ya Nyandarua ni ya Nyandarua na Garissa ina sheria zake. Alipokwenda mkutano wa walimu nilichukua panga. Nilikata kichwa. Nilikata matawi ya pande zote, mpaka ndani, mpaka kwenye ule ukahawia, ili machipukizi yapate nafasi. Nilikusanya matawi nikayatupa nyuma ya choo, nikaumwagia lita nane badala ya nne, nikakaa chini kungoja unenepe.

Baba alirudi jioni akiwa na baiskeli. Hakuingia ndani. Aliiegemeza ukutani, akauzunguka mti mara mbili. Ulikuwa umefika kimo cha bega lake, na sasa ulikuwa kijiti chenye vidonda. Akaweka kiganja chake palipokatwa, kama anayempima mtoto homa.

"Nani?"

Niliuona uso wake. Sikuwahi kuuona vile, hata alipozikwa babake. Na nikasema jambo ambalo lilikuwa tayari mdomoni, halikuhitaji hata kutafutwa.

"Si mnajua nani anapenda kukata."

Hiyo ndiyo sentensi. Sikumtaja. Lakini mtaa mzima ulijua nani ana mkono wa kukata; alikuwa amekubali sifa, na aliyekubali sifa atasema nini? Baba alimwita. Akamwuliza, ni wewe? Mdogo wangu aliangalia mti, akaniangalia mimi, na nadhani alijua pale pale. Hakukana. Labda alifikiri akikana huu mmoja atalazimika kukana na ule mwingine, na kumpoteza ayeyo. Baba alikata kiboko kwenye matawi yale yale ya saiprasi, nyuma ya choo.

Na hata hapo sikushinda! Ayeyo alisikia kilio. Alikuja na miguu mitupu, akapita kwenye pengo la ua, mwanamke mzima wa heshima bila shungi sawasawa, akasimama kati ya baba na mtoto. "Mwalimu, haya. Haya, imetosha. Mti ni mti." Akambeba mdogo wangu akaenda naye kwake. Niliweka jicho kwenye tundu la msumari. Alikuwa anamwosha uso pale kwenye jiwe la udhu, maji yakienda kwenye mpilipili, na anamwambia, "Ayeyo. Ayeyo. Ayeyo." Usiku huo alilala huko. Nami nilibaki na mti wangu, niliouua kwa mikono yangu mizuri.

Mti haukuchipuka. Baba hakuung'oa, na hakuniambia tena nimwagilie. Miaka miwili baadaye barua ya uhamisho ilikuja, tukaondoka.

Basi mwezi ule wa pili nilimaliza semina yangu siku ya tatu, nikachukua tuktuk hadi Galbet. Pengine ungeshindwa kupatambua, mimi nilishindwa. Nyumba za walimu hazipo, pana ghorofa yenye duka la simu chini. Mwarobaini umekatwa, uani pamewekwa saruji, na maji sasa yanatoka kwa bomba hadi kwenye karo. Binti yake ayeyo alinikumbatia, akanipeleka chumba cha ndani, akaingia jikoni kupika chai.

Ayeyo alikuwa kitandani. Mwili umekwisha, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, meupe. Nilimsalimu kwa Kisomali, akageuza uso kufuata sauti.

"Nani?"

"Binti wa mwalimu wa hesabu."

Uso wake ulifunguka. "Ile ndogo?"

Mdogo wangu ni muuguzi Qatar, mwaka wa sita sasa. Amefuata kazi ya mama. Nilikuwa na pumzi moja tu ya kujibu.

"Ndiyo," nikasema.

"Ayeyo!" Alinyoosha mikono. "Ayeyo yangu! Wallahi umekuja!" Alinishika, akaanza kunipapasa vidole, kimoja kimoja. "Mikono imekuwa kubwa, ayeyo."

"Ni kazi, ayeyo."

Nikwambie ukweli? Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu vile vile nilivyodhani ingekuwa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kile, mimi mama wa watoto watatu, nikaitwa ayeyo mara nisizoweza kuzihesabu, na kila mara niliitikia.

Kisha akanivuta karibu. "Ile siku baba yako alikubiga," alisema, "ile ya mti. Nilijua si wewe. Mimi najua mkono yako. Nilitaka kukuambia, mkahama. Umesikia, ayeyo? Nilijua."

Nikasema nimesikia.

"Na yule dada yako kubwa yuko wabi? Ile ya maji." Macho yake meupe yalinitafuta. "Kila siku alileta maji, na mimi sikumwambia kitu. Mwambie aje. Kwa nini haji?"

Nilikuwa nimeketi pale. Mikono yangu ilikuwa bado mikononi mwake. Binti yake alikuwa anaingia na sinia ya chai. Nilisema, "Nitamwambia." Nikanywa chai upesi, ya pakiti, nikaaga.

Jioni mdogo wangu alinipigia kutoka Doha. Alikuwa amejua kwamba nitapita Galbet, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa miaka mitano. "Umemwona? Anaendeleaje? Aliniulizia?"

Na ni kweli, ukiangalia maneno tu, hakumwulizia.

"Hapana," nikamwambia. "Aliniulizia mimi."

Kisha akasema si kitu, wazee husahau.

Wiki tatu baadaye ayeyo alifariki, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Mdogo wangu alinipigia akilia. Hakuwa na wa kumlilia huko, wenzake kazini hawakumjua bibi huyo ni nani. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na neno lote la ayeyo kwake, neno lililongoja kusemwa miaka zaidi ya ishirini, nimelikalia. Wa kunisahihisha hakuwepo tena. Nilipofungua mdomo, yeye alinitangulia.

"Angalau wewe ulimwona," alisema. "Angalau wewe alikukumbuka. Wacha nikwambie ukweli, dada, nakuonea wivu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu nikiwa na miaka tisa. Nikamwambia mtandao ni mbaya, simsikii, nikakata simu.